Mfarishi uliokataa kunyooka ukutani: uchambuzi wa kisa kimoja cha maonyesho

Zimebaki siku tisa maonyesho yafunguliwe. Mfarishi wa viraka uliokwisha kamilika unatundikwa ukutani kwa mara ya kwanza. Katikati umekaa vizuri, lakini pembeni unafanya mawimbi, na pande za kushoto na kulia ndizo mbaya zaidi. Mshonaji anaunyunyizia maji ili aulaze sakafuni na kuunyoosha. Haijapita nusu saa, wekundu wa kanga unaanza kuingia kwenye weupe wa nyota. Sasa ana kasoro mbili mkononi, na ya pili imezaliwa na dawa ya ile ya kwanza.

Kisa hiki ni cha mfano, ila hesabu zake ndizo zinazowakuta washonaji wa kanga na vitenge. Tumekichagua kwa sababu mawimbi ya pembeni husingiziwa hatua ya mwisho, yaani ukanda wa ukingo. Hapa ukanda hauna hatia. Mawimbi yalishonwa mapema, katika hatua tatu tofauti, na kazi ya ukuta ilikuwa kuyaonyesha tu.

Mfarishi wenyewe

Wazo lake ni zuri na linastahili kutetewa. Kanga tayari ina umbo la mfarishi: mji katikati, pindo pande zote nne, jina upande wa chini. Isitoshe, inavyosimuliwa, leso za kwanza za Unguja na Mombasa katika karne ya 19 ziliungwa kwa kushona. Wanawake walinunua leso za mkononi zikiwa bado hazijakatwa, wakachukua vipande viwili vya leso tatu tatu na kuviunga ubavu kwa ubavu, zikawa nguo moja ya leso sita. Mshonaji anayeweka mapindo ya kanga kuzunguka nyota zake anairudisha nguo hii kwenye asili yake ya kuungwa.

Katikati kuna bloku 30 za nyota (bloku ni mraba unaoshonwa peke yake kabla ya kuungwa na mingine), tano kwa upana na sita kwa urefu, kila moja sentimita 30. Nyota yenyewe ni ile ya kawaida yenye ncha nane: mraba wa sentimita 15 katikati, pembe nne za sentimita 7.5, na pande nne zenye pembetatu kubwa moja na ndogo mbili kila upande. Hapo tunapata sentimita 150 kwa 180. Ukiongeza mapindo ya sentimita 15 kila upande, mpango ni mfarishi wa 180 kwa 210. Nyota ni za vitenge vya pamba, weupe ni marekani iliyopaushwa, na mapindo yametoka kwenye doti moja ya kanga nyekundu. Pamba ya kati ni nyembamba, na bitana ni marekani pia. (Marekani ilipata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, nchini Marekani, walikuwa wakiileta Unguja kwa majora, nao washonaji wa mifarishi wa Marekani ya wakati huo walitumia pamba za viwanda vya upande uleule. Kitambaa hiki kimo kwenye historia ya pande zote mbili za bahari.)

Vitenge vilifuliwa kabla ya kukatwa. Kanga haikufuliwa, kwa kuhofia kwamba itapoteza mng'aro na ule ukakamavu wa wanga iliyotoka nayo dukani. Tutaurudia uamuzi huo.

Vipimo kabla ya lawama

Mfarishi ukifanya mawimbi, usishike sindano. Shika futi. Ulaze sakafuni bila kuuvuta, upime upana mara tatu, juu, katikati na chini, kisha urefu mara tatu vilevile. Huu ulisoma hivi: upana wa katikati 175.5, ukingo wa juu 179, wa chini 179.2. Urefu wa katikati 204.5, ubavu wa kushoto 210.5, wa kulia 211.

Kwa hiyo ukingo wa juu na wa chini una ziada ya kama sentimita 3.5 kuliko katikati, na mbavu zina ziada ya sentimita 6 au zaidi. Ziada hiyo haina pa kukaa, ndiyo inayojikunja mbele na nyuma. Lakini tofauti kati ya 3.5 na 6 ndiyo yenye habari. Kama kosa lingekuwa moja, pande zote zingeumia karibu sawa.

Tuanze na kosa dogo kuliko yote, la upana wa mshono. Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo wa kipande, ilipaswa kuwa milimita 6. Cherehani ilikuwa ikichukua sita na nusu. Nusu milimita inaonekana si kitu, lakini kila mshono unakula vipande viwili, kwa hiyo mshono mmoja unapoteza milimita moja. Hesabu mishono iliyosimama wima katika safu moja: miwili ndani ya kila bloku, mara tano ni kumi, na minne ya kuunga bloku, jumla 14. Upana wa 150 ukawa 148.6. Kwa urefu ni mishono 17, na 180 ikawa 178.3. Hapo hatujagusa mishono ya mshazari ya pembetatu.

Sasa mapindo yakakatwa kwa kipimo cha karatasi, yaani 180 kamili, badala ya kipimo cha kitambaa kilichokuwa mezani. Cherehani ikaimeza ziada hiyo, maana meno yake husukuma kitambaa cha chini kuliko cha juu, na mshonaji makini anajua kukifanya kitambaa kirefu kiingie kwenye kifupi bila kukunjamana. Ufundi huo mzuri ndio ulioficha kosa. Pindo liliingia likiwa na sentimita moja na nusu zisizo zake.

Hatua ya pili ni mishono ya kushikiza matabaka matatu. Katikati ilipigwa kila baada ya sentimita 2. Kwenye mapindo, ili maua ya kanga yasiharibiwe, ilipigwa mistari miwili tu, iliyoachana sentimita 8. Kila mstari wa kushikiza unazamisha kitambaa ndani ya pamba, na kitambaa kikizama kinafupika. Katikati ilivutwa kwa sentimita tatu na kitu kwa upana, mapindo hayakuvutwa kwa kiasi kinacholingana, basi yakabaki makubwa kuliko kile yanachokizunguka. Kati ya sababu zote tatu, hii ndiyo iliyochangia zaidi, na ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa kuwa mshonaji anafikiri mishono ya kushikiza ni pambo.

Doti moja ilipotosheleza

Ya tatu inahusu kanga yenyewe, na hapa tutakaa kidogo.

Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Nyuzi za mtande hupita kando ya urefu, sambamba na kingo mbili zilizofumwa. Nyuzi za mshindio hukatiza upana. Mtande hufungwa kwa mvuto mkali kwenye kitanda cha mfumi, ndiyo maana haunyooki sana. Mshindio hupita juu na chini ya mtande kwa kupindapinda, na ukiuvuta unanyooka. Shika kanga ukaivute kwa mikono miwili, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Utaisikia tofauti kabla hujaiona.

Mfarishi huu ulihitaji sentimita 720 za pindo: mbavu mbili za 180, na kingo mbili za 180. Doti moja ina kanga mbili, yaani mapindo manne marefu ya 150 (jumla 600) na manne mafupi ya 110 (jumla 440). Mapindo marefu peke yake hayatoshi. Ukichanganya na mafupi, yanatosha na kubaki. Ndivyo alivyofanya: juu na chini yakaenda mapindo marefu, mbavuni yakaunganishwa mafupi mawili mawili. Kwa mfuko ilikuwa hesabu safi. Kwa kitambaa, mbavu zote mbili zikawa zimesimama juu ya mshindio, na kila zilipoguswa, zilipopigwa pasi, zilipoinuliwa, ziliongezeka. Hizo ndizo sentimita zilizofanya mbavu ziwe mbaya kuliko juu na chini.

Doti mbili zingetoa mapindo marefu manane, sentimita 1,200, na kila upande ungesimama juu ya mtande. Masalio ya mji yangeingia kwenye bitana au kwenye mfarishi mwingine. Tunasema bila kusita: kwa kazi ya maonyesho, nunua doti mbili, na zinunue siku moja duka moja, kwa sababu kanga ya jina lilelile ikichapwa tena huweza kuja na wekundu tofauti.

Kuna mtego mwingine. Chapa ya kanga mara nyingi haifuati nyuzi. Mstari wa pindo huweza kuanza sambamba na mtande na kumaliza umepanda sentimita moja au mbili. Ukikata kwa kufuata chapa, unakata mshazari kidogo, na mshazari ndio unaonyooka kuliko yote. Ukikata kwa kufuata uzi, jina la kanga linaonekana limelalia upande, na jicho la mtazamaji linaliona kabla halijaona nyota. Kipimo tunachokishauri: mwinamo ukiwa chini ya sentimita 1 kwa kila 100, fuata chapa, lakini kwanza bandika nyuma kile kitambaa chembamba chenye gundi ambacho mafundi hukitia kwenye kola. Ukizidi hapo, irudishe kanga dukani au ikate vipande vidogo kwa nyota, ambako mwinamo haudhuru.

Pembetatu kubwa za nyota nazo zinahitaji neno. Ukingo wake mrefu ndio unaokaa nje ya bloku. Ukikata mraba mara moja kwa mshazari, ukingo huo unakuwa mshazari, na bloku zote 30 zinakuwa na kingo zinazolegea. Ukate mraba wa sentimita 18.2 mara mbili, kama herufi X, upate pembetatu nne zenye ukingo mrefu uliofuata uzi. Zile ndogo hukatwa mara moja, kutoka mraba wa 9.7. Katika kisa hiki hilo lilifanywa sawasawa. Lingekosewa, hata kuokoa kusingewezekana.

Wekundu ulipokimbia

Maji yakishagusa rangi na rangi ikatoka, kuna mambo mawili ya kutofanya: usiache ikauke, na usipige pasi. Rangi iliyohama ikiwa bado majini inaweza kuondoka. Ikikauka juu ya uzi mweupe inashika, na joto la pasi linaikaza zaidi.

Wengi hukimbilia chumvi au siki. Chumvi husaidia rangi iende kwenye uzi wakati wa kutia rangi, ndani ya sufuria. Siki ina kazi kwenye sufi na hariri na rangi zake. Hakuna hata kimoja kinachofunga rangi iliyozidi kwenye kanga iliyokwisha chapwa. Kinachotakiwa ni kinyume, yaani kuitoa ile ziada na kuizuia isitue tena.

Mfarishi uliingizwa mzima kwenye maji ya moto, karibu nyuzi 60, mengi kiasi cha kuufunika na kuacha nafasi ya kuuzungusha, pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Beseni halitoshi. Tumia bafu, au pipa safi la plastiki la lita 200. Kazi ya sabuni ni kuishikilia rangi ikielea, na kazi ya maji mengi ni kuifanya iwe hafifu. Usikunjwe, na wote uwe umezama, kwa kuwa sehemu iliyoinuka juu ya maji ndiyo itakayopata doa. Baada ya saa 12 maji yalikuwa kama ya rozela. Yakamwagwa, yakawekwa mengine, tena saa 12. Mara ya nne yalibaki meupe. Nyota mbili karibu na pindo la kulia zilibaki na kivuli cha waridi. Pande nyingine zilisafika.

Siku mbili zikaisha hapo, na siku ya tatu ya kukausha. Mfarishi mbichi wa ukubwa huu ni mzito, basi haukuanikwa kwenye kamba, ambayo ingezivuta mbavu upya. Ulibanwa kati ya mataulo, ukalazwa juu ya shuka safi, feni ikawashwa.

Kuokoa pembeni

Baada ya kukauka ulipimwa tena, na huo ndio mpangilio sahihi, kwa kuwa kanga ambayo haikufuliwa ilirudi ndani na pamba nayo ikajikusanya. Upana wa katikati ukawa 172.8, juu 175.6. Urefu wa katikati 201, mbavu 206. Ziada ilipungua kidogo lakini haikuisha.

Kuulowesha tena na kuuvuta kwa pini kusingetosha. Njia hiyo inabeba tofauti ya kama asilimia moja. Sentimita tano juu ya 201 ni karibu asilimia mbili na nusu, na ukiilazimisha inarudi ikishatundikwa siku mbili. Kufumua mapindo na kuyakata upya kungekuwa bora kama zingekuwepo wiki tatu, kwani ingebidi kufumua pia mistari yote ya kushikiza inayovuka mshono. Kukunja kipande cha pindo na kukificha kwa mshono tunakukataa kabisa: kinavunja maua ya kanga na kinaonekana hata kwenye picha.

Kilichofanyika ni kuyafanya mapindo yavutwe kama katikati ilivyovutwa. Ukanda wa ukingo ukafumuliwa. Kwa mkono ikapigwa bandi kando ya kila ukingo, milimita 4 kutoka mwisho, kwa uzi mmoja imara usiokatika, na mishono ya milimita 6. Uzi ukavutwa taratibu mpaka kila ubavu usome 201, na juu na chini 172.8. Ujanja ni kuigawa: weka alama kwenye robo, nusu na robo tatu, kila sehemu ipate mkunjo wake, la sivyo ziada yote inakimbilia kona moja. Kisha mvuke wa pasi bila kugandamiza, kitambaa kijikusanye chenyewe. Baada ya hapo mistari mipya ya kushikiza ikapigwa kwenye mapindo kila baada ya sentimita 2, ikifuata mistari ya chapa, sindano namba 90, mshono wa milimita 3, kuanzia ndani kwenda nje. Ukianza nje unaifungia ziada katikati ya pindo, na inakuwa uvimbe usio na mlango wa kutokea.

Pembe za mraba zilihakikiwa kwa kamba: 90 upande mmoja, 120 upande wa pili, na mshazari lazima uwe 150. Ukanda mpya ulikatwa kwa kufuata uzi, upana wa sentimita 6, ukakunjwa mara mbili. Mzingo ulikuwa kama 748, ukiongeza 30 za kona na maungo unapata karibu 780, zinazohitaji vipande vinane vya kitenge chenye upana wa 110. Kila upande ukanda ulipimwa na kukatiwa alama kwanza, ndipo ukashonwa. Ukiuachia ukanda ujitiririkie wenyewe chini ya mguu wa cherehani, unaurudisha ukingo mrefu uliotoka kuupunguza kwa siku nzima.

Zile nyota mbili zilipata mraba mpya wa katikati na pembe mpya, zilizoshonewa juu kwa mkono, kwenye kitambaa chenye uzi ulioelekea kama wa chini yake. Kuzipaka rangi nyeupe kungeonekana taa za ukumbi zikiwaka.

Ukutani

Maonyesho makubwa, kama ya Paducah, Kentucky, Marekani, yanayofanyika tangu 1985, au yale ya Birmingham, Uingereza, tangu 2003, hutaka mfuko wa kitambaa nyuma ya ukingo wa juu, wa kupitishia bomba. Upana wa kawaida ni sentimita 10. Kata kitambaa cha upana wa 23, ukikunje kiwe bomba, na kiwe kifupi kuliko mfarishi kwa sentimita 2.5 kila mwisho. Tabaka la nje liachiwe ulegevu wa kama sentimita moja, bomba lipate nafasi upande wa ukuta. Mfuko uliobana husukuma bomba mbele, na mfarishi unapata tuta la mlalo juu ya safu ya kwanza ya nyota.

Urefu wa mfuko huu ulitokana na upana wa kweli wa mfarishi, 172.8. Vipimo kwenye fomu ya kushiriki vilikuwa bado 180 kwa 210, navyo vikapelekewa marekebisho. Waandaaji hupanga nafasi na urefu wa bomba kwa namba hizo. Na usafiri: mfarishi ulizungushwa kwenye bomba la kadibodi, upande wa mbele ukiwa nje, shuka safi katikati. Ukikunjwa siku tatu kwenye begi unafika na alama ya msalaba.

Darasani

Mshonaji wa kisa hiki alikuwa amepita darasani, na darasa lilikuwa zuri. Alishona nyota moja ya sentimita 30 ikatoka sawasawa. Tatizo ni kwamba bloku moja haina njia ya kuonyesha nusu milimita, haina pindo, na haishikizwi kwa msongamano wa aina mbili. Mwanafunzi anaondoka na nyota nzuri, makosa yote matatu yakiwa yamelala ndani ya mikono yake.

Kwa darasa la siku mbili tungeanza na jaribio la vipande vitatu, kabla ya nyota yoyote. Kata vipande vya upana wa sentimita 5, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, pima cha katikati. Kisome 3.8 kamili. Kikisoma 3.7, sogeza alama ya mshono. Cherehani nyeusi za miguu, ambazo mafundi wengi wanazo, hupiga mshono ulionyooka kwa uzuri ambao cherehani nyingi za plastiki haziufikii. Kinachokosekana ni alama ya milimita 6 tu, basi bandika tabaka nne za plasta kwenye sahani, kitambaa kipite kikigusa ukuta huo. Angalia pia umeme: pasi mbili za mvuke kwenye soketi moja zinaweza kuzima chumba, kwa hiyo pasi ziwe kwenye laini yake.

Siku ya pili kila mmoja ashone kimfarishi cha sentimita 60 chenye mapindo manne. Mawili yakatwe kwa kipimo cha katikati ya kitambaa, mawili yaongezwe sentimita 2 kwa makusudi, na moja kati ya kila jozi likatwe juu ya mshindio. Katikati ishikizwe kila sentimita 2, mapindo mara moja tu. Kitundikwe kwa pini ubaoni kabla ya chai ya jioni, na kila mmoja azungukie za wenzake akiwa na futi mkononi. Kisha kila mtu aende nacho nyumbani kama kilivyo, bila kukifumua, akitundike mbele ya cherehani yake.